Kidole cha Pakde na Tempe ya Simbok

Pakde Sarmidi aliingia uani kwetu na kandambili mguu mmoja. Mguu wa pili ulifungwa kitambaa cha batiki, na kidole gumba kilichomoza humo kama nyanya iliyoiva kupita kiasi.

Mimi nilikuwa ndani ya karai kubwa, sarong nimeikunja hadi magotini, nakanyaga soya iliyochemshwa ili maganda yatoke. Ndiyo kazi yetu, mimi na mama yangu, Simbok: tunakanyaga, tunaosha, tunatia chachu, tunafunga kwenye majani ya mgomba, na siku ya tatu tempe iko tayari, nyeupe, imeshikana vizuri. Nusu ya kitongoji chetu hapa Bantul imelelewa na tempe hiyo. Lakini wiki ile ilikuwa inarudishwa, kwa sababu Pakde, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, alipita kila kibanda akitangaza kwamba soya ndiyo iliyomwamshia jongo.

Ushahidi wake ulikuwa huu. Alhamisi tulisoma dua ya siku elfu moja tangu baba afariki. Wanaume walikaa mkekani, wakaomba, kisha kila mmoja akabeba kikapu chake cha chakula kwenda nyumbani, kama kawaida. Kikapuni mlikuwa na tempe. Ijumaa kidole kikavimba.

Nyuma yake alikuja mkewe, Bude Tukinah, na mwavuli. Mlangoni pa jiko alikaa Yu Paijem, mwenye kibanda cha wali, aliyekuja kutuambia kwamba anaacha kununua.

"Toka kwenye hilo karai, Nduk, binti we," Pakde alisema. "Uniombe radhi mbele ya Yu Paijem. Nasikia unanicheka sokoni."

"Sikucheka, Pakde. Nilisema tu kidole chako kinatafuta mshtakiwa."

Yu Paijem alikohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Lakini wateja wanaogopa, Nduk," alisema. "Mmoja kaniambia soya inawaotesha wanaume matiti."

"Mumeo anakula tempe tangu azaliwe, Yu. Kaota nini?"

"Kitambi tu."

"Muuguzi wa zahanati kaniambia mwenyewe," Simbok alidakia. "Mwenye jongo ajihadhari na maini, figo na utumbo. Tempe kwa kiasi haina ubaya. Asiyepaswa kuigusa ni yule ambaye soya inamvimbisha mwili."

"Na kasema tunaizamisha mno kwenye mafuta," nikaongeza. Hapo muuguzi alisema kweli.

"Muuguzi hana kidole changu!" Pakde alifoka.

Niliacha kukanyaga. "Pakde, ile tempe ya kikapuni ulikula vipande vingapi?"

"Vingi!"

"Vilikuwa vitamu?"

"Vya kukaanga, vina chumvi kweli kweli!"

Bude Tukinah alifunga mwavuli wake polepole.

"Vya kukaanga uliviona wapi, wewe mzee? Tempe ile ilipikwa na sukari na pilipili. Niliila mimi na wajukuu kabla hujavua kofia. Wewe ulikuta wali na jani."

"Sasa mimi siku ile nilikula nini?" Pakde aliuliza, na nadhani mpaka leo analijutia swali hilo.

"Supu ya utumbo wa mbuzi kwenye kibanda cha Kang Giyo. Mabakuli mawili! Ukarudi midomo inang'aa, ukaniambia ulikwenda kutazama maji mferejini."

Yu Paijem alicheka hadi akashika kizingiti. Alipopata pumzi alisema, "Simbok, nifungie vifurushi vyangu, na cha mume wangu juu yake. Kitambi amekwisha kukizoea."

Pakde alisimama kwa mguu mmoja, amenuna.

"Haya. Nitapita vibandani niseme nilikosea," alisema. "Lakini kwanza huyu binti aniombe radhi kwa kunisema sokoni."

Simbok alinisogelea, akaninong'oneza, "Muombe tu, Nduk. Ni mkubwa wa baba yako. Neno moja, biashara yetu irudi."

Nilijua alivyoumia wiki nzima akiipokea tempe yake mwenyewe mlangoni. Nilitoka karaini, nikaosha miguu, nikamsogezea Pakde benchi na kumwekea chai mkononi.

"Kaa, Pakde, unaumia."

Alikaa. "Na radhi?"

"Dua ilikuwa ya mdogo wako. Chakula chake ukakiita sumu, vibanda vyote vikasikia."

"Vibandani nitapita mimi," Bude alisema. "Wewe mzee kanywe dawa."

"Nimesema radhi!" Pakde alinguruma.

"Nimekusikia, Pakde. Siombi."