Kitabu cha Majani

“Karatasi baki nazo, bwana, utafungia chumvi,” mwanamke mmoja alimwambia mwenye duka. Akalibandua jani ukurasani kwa ukucha, akalitia pembeni mwa kanga na kulipiga fundo.

Timotheo alikuwa amesimama mlangoni pa duka la Esmailji, Barabara ya Nane, kofia mkononi, hajasalimia bado. Miezi miwili nyuma aliacha vitabu arobaini kwenye kaunta ile, na njia nzima kutoka kwake Amani alikuwa akimwomba Mungu avikute vimekwisha. Sasa alikuwa amekiona kimoja kikinunuliwa mbele ya macho yake.

“Samahani, mama,” akamwita yule mwanamke. “Husomi kwanza? Humo mmeandikwa jani lenyewe ni la nini.”

“Si la tumbo? Shoga yangu kaniambia la ukurasa wa tatu ndilo la tumbo.” Na huyo, akashuka kibarazani akaenda zake.

Loo! Miaka thelathini Timotheo aliitumikia ile kazi ya majani kule Amani, kwenye kituo cha utafiti. Alipanda miti, akakata vitawi, akayalaza majani kati ya magazeti, akayakandamiza kwa mawe, na kila asubuhi akayageuza yasiote ukungu. Wataalamu walikuja na kuondoka. Wakimuuliza, “Huu ninyi mnauitaje?” alirudi nyumbani kumuuliza mkewe Yudith, maana Yudith alirithishwa majina yote na mama yake. Kesho yake Timotheo akayapeleka, yakaingia kwenye vitabu vya watu. Jina la Timotheo halikuingia, la Yudith halikuingia, na la mama yake ndiyo kabisa.

Basi alipostaafu akaandika chake. Usharika ukamruhusu kutumia mashine ya kurudufia. Picha asingeweza kuzipiga chapa, kwa hiyo kila ukurasa akabandika jani lenyewe, la mti wenyewe. Gundi madukani ilikuwa imebaki hadithi, wakabandikia wanga wa muhogo, yeye anapaka na Yudith anakandamiza kwa kiganja. Ukurasa wa kwanza, kabla ya jani lolote, paliandikwa: *Majina haya aliyahifadhi Naomi binti Shekigenda.*

Wanga haujakauka vizuri, Yudith akaanguka. Hospitali ya Muheza wakamtazama, wakamwambia mumewe amrudishe tu nyumbani. Yudith hakulia. Aliomba kitu kimoja.

“Watu wetu hapa watakisifia kwa kunionea huruma,” alisema. “Mimi nataka mtu asiyetujua alisome jina la mama yangu kwa mdomo wake. Mmoja tu, Baba Brightness. Nijue limefika mahali.”

Hilo ndilo lililomleta Timotheo mjini.

“Karibu, mzee,” Esmailji alimwambia. “Sikufichi, kitabu chako kinakwenda. Ila wanabandua majani, kitabu wananiachia mimi.” Akaonyesha chini ya rafu. Vitabu thelathini na kitu vilikuwa vimepangwa pale, vyote vipara, kila ukurasa una doa la wanga mahali jani lilipokuwa. “Nilitaka nifungie chumvi kweli. Siku hizi karatasi utaipata wapi? Lakini huyu hapa kanikatalia kabisa.”

Huyu alikuwa Gulshan, mkewe, aliyetoka chumba cha nyuma akifuta miwani kwa ncha ya mtandio.

“Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwandishi?”

“Marahaba, mama.” Neno lile, mwandishi, lilimfanya Timotheo aivae kofia kisha aivue tena.

“Nimekisoma chote, tena mara mbili. Mimi kwetu Muheza. Yaya aliyenilea alikuwa Mbondei, nikishikwa na homa akinichemshia mti fulani, kisha akafa na jina la mti huo. Nimetafuta jina hilo miaka! Nimelikuta ukurasa wa kumi na moja.” Akainama kidogo. “Huyu Naomi binti Shekigenda ni nani?”

Timotheo akakaa juu ya gunia la chumvi bila kukaribishwa. Alilia, mzee mzima, mbele ya wateja. Alipopata sauti akamweleza habari yote ya Yudith, mpaka lile ombi.

Gulshan akamtazama mumewe, mumewe akatazama foleni ya watu waliosubiri sukari. Kupanda Amani haikuwezekana. Ndipo Gulshan akaingia ndani, akatoka na redio ya kaseti mpya, maana mwaka ule ndio kwanza watu walikuwa wameruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Akatuliza watoto, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasoma kurasa tatu za mwanzo polepole, pamoja na jina, pamoja na baba wa mwenye jina. Mwisho akasema, “Dada Yudith, asante.” Akaitoa kaseti akaifunga kwa leso.

“Redio kama hii mnayo huko?”

“Ipo ya mchungaji wetu.”

“Na betri?”

Nyuma ya bega la Esmailji betri mpya zilikuwa zimepangwa safu mbili. Timotheo alijua fika kwamba betri za Mchungaji Ernesti zilikata roho tangu Pasaka. Mfukoni alikuwa na nauli tu; fedha ya vitabu hakuwa amehesabiwa bado, na kuidai mbele ya mama yule aliona haya. Angesema tu, mama yule angempa bila neno. Lakini miaka thelathini alikuwa amepewa: shati la mtaalamu, viatu vya mtaalamu, mabaki ya chai ya mtaalamu. Leo ameitwa mwandishi, tena na mtu aliyemwamkia.

“Zipo, mama,” alisema.

Mficha uchi hazai. Alimfundisha binti yake Brightness maneno hayo, na siku ile aliyasahau yeye mwenyewe.

Alipofika nyumbani, Yudith aliinua kichwa. “Yupo aliyelisoma?”

“Lote. Na baba yake kamtaja.”

“Sauti yake ikoje?”

“Utamsikia mwenyewe.”

Mchungaji Ernesti akaileta redio. Wakabonyeza, kimya. Majirani wakaulizwa, hakuna betri. Njia ya Muheza ilikuwa imekatika kwa tope, hakuna gari lililoshuka.

“Zianike,” mchungaji alisema. “Zikipata jua zitaamka kidogo, hata robo saa.”

Kila mtu alifanya hivyo enzi zile. Timotheo akatandika gazeti juu ya kichanja chake cha majani, akazipanga betri nne. Lakini Amani ikiamua kujifunika ukungu, haimwulizi mtu. Siku ya kwanza jua halikuonekana. Siku ya pili mvua, akaziingiza ndani, akazitoa, akaziingiza.

“Limetoka?” Yudith aliuliza.

“Bado.”

Jioni ile akashindwa kuvumilia. “Mama Brightness, yule mama aliniuliza kama nina betri. Zilikuwepo pale pale nyuma ya mumewe. Nikamwambia ninazo.”

 Yudith akacheka, kicheko chembamba kilichomletea kikohozi.

“Wewe na heshima zako,” akasema, akamshika mkono.

Siku ya tatu adhuhuri, manyunyu yakigonga bati, Yudith alifariki.

Wakamzika kesho yake asubuhi ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye vichwa vya watu. Walipokuwa wanarudi kutoka makaburini ukaanza kupasuka, na kufikia saa saba jua lilikuwa kali, watu wa msibani wakahamia upenuni kutafuta kivuli.

Mchungaji Ernesti alizunguka nyuma ya nyumba na redio yake kwapani. Alimkuta Timotheo peke yake kwenye kichanja. Akaigusa betri moja kwa kidole.

“Zimepata moto, mzee wangu,” akasema taratibu. “Tujaribu?”

 Timotheo aliinama juu ya gazeti, akazigeuza betri moja moja, zote nne, ili upande wa chini nao upate jua.