Fomu Isiyokauka

Saa mbili na robo asubuhi karani wa ofisi ya ramani za bahari alitandaza gazeti kuukuu chini ya kiti cha tatu, akasogeza ndoo karibu, ndipo akafungua dirisha la huduma. Ilikuwa Jumanne, na kila Jumanne daktari wa meno alikuja. Alikuwa amekufa maji tangu mwezi wa tatu, boti yake ya matembezi ilipopanda mwamba, lakini tangu alipokuwa hai alikuwa mtu wa kushika saa.

Aliingia akichuruzika, shati limemganda mgongoni, akachukua namba kama wenzake.

"Mzee, na leo umesahau taulo?" mlinzi alimtania.

"Ninalo, bwana. Ila nalo limelowa."

Mwamba wenyewe ulikuwa umepimwa miaka miwili kabla hajafa. Ulikuwa kwenye kompyuta ya karani, nukta nyekundu ndogo kama kichwa cha kiberiti. Meli za mizigo zilitumiwa ramani mpya kila Ijumaa. Wenye boti za matembezi walitumiwa kwa maombi tu, maana mkuu wa ofisi alisema anayekwenda baharini kujifurahisha hana haraka. Karani aliona ni maneno ya haki. Yeye hakuwahi kupanda boti.

Namba ilipoitwa, daktari alisimama dirishani.

"Mwanangu anaingia baharini Jumamosi," alisema. "Ameazima boti ya mjomba wake, aje kunimwagia maua pale nilipozama. Barua yenu ilimwambia niliuawa na mawimbi. Na ramani iliyo kwenye simu yake inasema pale pana maji mita kumi. Mimi ndiye ninayelala pale, mama. Hata mita moja haifiki."

"Pole, daktari. Si umwambie mwenyewe?"

"Nilikwenda nyumbani. Hanioni. Alichukua tambara akapangusa sakafu, akasema paa linavuja."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma. Ofisini huonekana kila mwenye namba. Majumbani mambo ni mengine. Akampa fomu ya kuombea ramani.

Daktari aliandika jina lake. Wino ukatanda, karatasi ikalainika kama uji, mstari wa pili ukatoboka. Hiyo ilikuwa Jumanne ya kumi na moja. Karani hakuwa na roho mbaya, tusimsingizie. Alikuwa amekuja na mashine yake ya kukaushia nywele kutoka nyumbani. Aliipulizia fomu ya pili mpaka ikajikunja kingo. Daktari alipoishika ikalowa upya.

"Ilete nimwandikie mimi," mlinzi alisema.

"Mwandiko uwe wa mwombaji," karani alisema. "Na fomu iwe kavu. Imeandikwa pale chini."

"Mama," daktari alimwambia karani taratibu, "si ubonyeze tu hapo, ramani imfikie? Kidole kimoja."

"Nikibonyeza bila fomu, wakubwa wataniuliza."

"Wakuulize. Kuulizwa hakuui."

Karani alicheka kidogo, maana daktari alijua kusema. Kisha akaita namba iliyofuata.

Ijumaa alituma ramani mpya kama kawaida. Ile nukta nyekundu ilikwenda kwenye meli arobaini, zote kubwa mno, ambazo zisingeweza kusogelea mwamba ule hata kwa kulazimishwa.

Jumanne iliyofuata, kabla hajafungua dirisha, alitandaza gazeti chini ya viti viwili. Hakuna aliyemwambia. Daktari aliingia, na nyuma yake binti yake, viatu mkononi, shada la maua yaliyochakaa kwa chumvi limemning'inia kwapani. Alichukua namba ya nane.

"Karibu," mlinzi alimwambia. "Kaa hapo kwa baba, utelezi usikuangushe."

Binti hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Dada, nataka ramani mpya. Si yangu. Mama anakuja Jumamosi, na maua ya watu wawili."

"Subiri namba yako," karani alisema, "lakini fomu chukua kabisa, usipoteze muda."

Binti aliipokea. Ilianza kulowa kuanzia pembe aliyoishika, na baba yake akageuza uso akatazama ukutani.

Ndoo moja haikutosha tena. Karani aliandika ombi la ndoo ya pili, akalipeleka kwa mkuu. Kwa kuwa lilikuwa kavu, lilipitishwa siku hiyohiyo.