Alichokitupa Langoni

Wacha niseme mapema, mimi ni mwongo wa kazi. Filamu zinatoka India na kwingineko, na mimi naketi kwa meza nyuma ya ukumbi wa video wa Idris, hapa Mukuyuni, maiki mkononi. Napunguza sauti ya wenyewe, halafu nawasemea kwa Kiswahili chetu, na Kikamba kidogo cha kuchekesha. Watu wanadhani najua lugha zile. Sijui hata ya kuombea maji! Naangalia midomo, naangalia machozi, natunga. Miaka kumi na moja natunga, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoa wapi.

Alhamisi asubuhi Idris akaniletea flashi. Idris ni mtu wa Kitui, babu yake alitoka Pwani zamani, na ana adabu zake hata akiwa na haraka.

"Mzee Musyimi, ile filamu yako ya Baba Amerudi, wametoa nyingine," akasema. "Lakini hii si ya kuendelea. Ni ya nyuma. Inaonyesha huyo baba alikuwa wapi kabla hajarudi."

"Asi! Ya pili inakuja kabla ya ya kwanza? Huko ni kumzaa nyanya baada ya mjukuu."

Akacheka, akaenda kubandika tangazo mlangoni: Jumapili, saa nane. Nikaiangalia ile filamu peke yangu, na kicheko kikaniisha.

Sikiliza kwanza ile ya zamani. Baba anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, nguo zimechakaa, anasimama langoni. Kabla hajabisha anatoa kitu mfukoni, anakitupa kichakani. Kitu chenyewe hukioni. Ni ngumi tu, na kitu kinang'aa mara moja, basi. Halafu anaingia, binti yake anamtazama, ukumbi mzima unalia. Mimi niliwaambia watu ni vijiwe. Nikasema huyu baba alifungwa jela nchi ya mbali, alikuwa akihesabu siku kwa vijiwe, na sasa anavitupa kwa sababu hesabu imekwisha. Walivipenda vile vijiwe! Hata mhubiri mmoja wa Matiliku alivihubiri.

Sikuvitoa hewani. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama langoni hivyo, nikatupa kitu. Nilimwacha binti yangu Nzilani akiwa na miaka saba, nikaaga kwamba naenda kutafuta kazi ya lori, nikapotea miaka tisa. Niliporudi nikasema nilikuwa jela Tanzania. Jela gani! Nilikuwa Mwingi. Ukitoka hapa asubuhi, chakula cha mchana unakulia huko. Nilikuwa na mwanamke anaitwa Mumbua, nakula, nanenepa, tunazaa mtoto. Halafu siku moja nikamwacha Mumbua pia, bila kuaga. Usiniulize kwa nini. Nikijibu nitakuwa natunga tena.

Nilimkuta Nzilani ana miaka kumi na sita, na mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Miaka mitatu msichana huyo hakunisemesha. Sahani yangu aliiweka kwa jiwe nje ya mlango, kama ya mbwa, akaenda zake. Nilikula nikilia, sikufichi. Ndipo ile filamu ikaja, nikaipa maneno yangu, nikamtia yule baba jela yangu ya uongo mdomoni ili binti yangu aisikie kwa mtu anayependwa. Akaja, akakaa nyuma kabisa. Ilipoisha akasimama mbele ya meza yangu, uso umelowa.

"Nau," akasema.

Baba, kwa Kikamba. Nilikuwa sijaitwa hivyo miaka kumi na miwili. Nikamwita "mwaitu," mama yangu, kwa sababu amebeba jina la mama yangu mzazi, vile binti wa kwanza anavyobeba kwetu. Tangu siku hiyo anapika tunakula pamoja. Ana kibanda chake cha kushona sare za shule, anashona na shati zangu. Sina mtu mwingine duniani, na huyo mmoja nilimpata kwa vijiwe.

Sasa hii filamu mpya. Inamwonyesha yule baba katika mji mwingine, mnene, ana mke mwingine, anacheka. Ana kasichana kadogo, mguuni kikuku chenye njuga, kakikimbia kinalia chiki-chiki. Mwisho wake anakavua kikuku kakiwa kamelala, anatia mfukoni, anatoka. Picha ya mwisho ni lile lango tunalolijua. Ngumi ile. Na safari hii ngumi inafunguka.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu nilikuwa nimeivuta miaka kumi na miwili.

Nikamkimbilia Idris. "Sema flashi imeharibika."

"Mzee wangu, watu wamepiga simu mpaka kutoka Mbumbuni. Na Nzilani mwenyewe ameniuliza mara tatu. Anasema hiyo filamu ndiyo ilimrudishia baba." Akaniangalia. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Nikaenda kibandani kwa Nzilani. "Mwaitu, hiyo ya Jumapili usije. Ni damu tupu, watu wanakatana mapanga."

Hakuinua hata kichwa kwa cherehani. "Hata wakatane, nitakuja. Nataka kuona siku alipookota kijiwe cha kwanza."

Basi ikabaki njia moja, ile ninayoijua. Picha ni zao, mdomo ni wangu. Siku tatu nilitunga kama mtu anayechimba kisima akiwa ndani yake. Nilijiambia mji mzima ule utakuwa jela, na yule mwanamke atakuwa dada. Mtoto nitamfanya mpwa. Kikuku kitakuwa zawadi ya binti wa nyumbani. Itakaa tu!

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Nzilani alikaa benchi la mbele, amejifunga leso mpya. Nikaanza.

"Hapa sasa ni jela," nikasema.

"Jela gani ina pazia za maua?" Huyo ni Kisilu, fundi wa baiskeli, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Jela za watu ziko hivyo! Nyamaza uelimike."

Wakacheka. Nikaendelea. Mwanamke akatokea na sahani ya wali. "Huyu ni dada yake, amekuja kumtembelea." Sawa. Akampangusa jasho. "Wanapendana sana, hawa ndugu." Sawa. Halafu yule mwanamke, Mungu ananiona, akafunga mlango, akazima taa, akapanda kitandani.

"Dada gani huyo!" Kisilu akapiga kelele. Ukumbi ukalipuka. Watu walipigana mabega kwa kicheko, bibi mmoja akatema soda. "Musyimi, mtoe dada kitandani! Mtoe!"

Nilisema, nikasema. Sijui nilisema nini. Nilikuwa nikiangalia kisogo kimoja tu cha benchi la mbele, na kisogo hicho hakikuwa kinacheka.

Lango likatokea. Nikasahau kupunguza sauti. Ngumi ikafunguka, na zile njuga zikalia ukumbini, chiki, mara moja tu, zikaanguka kichakani. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Kumbe havikuwa vijiwe."

"Ametuchezea miaka yote!" mwingine akasema. Sijui alimsema yule baba au mimi.

"Rudisha ile ya kwanza! Tuone tena pale langoni!"

Idris akawaambia watoke wanywe chai kwanza, ile ya kwanza itafuata. Wakatoka wakibishana. Nzilani alitoka nao bila kunitazama, nikasema moyoni, ameenda. Nilibaki kwa meza nikimwomba Mungu, na nikiona haya kumwomba.

Alirudi watu wakiwa bado nje. Alikuwa ameshika kitu kimefungwa kwa kitambaa cha sare. Akazima maiki yangu kwanza. Halafu akafungua kitambaa juu ya meza.

Kilikuwa kiatu cha mtoto, chekundu, cha mkanda, mkanda umekatika. Kimoja.

"Siku uliyorudi nilikuwa nyuma ya jiko," akasema. "Nilikuona ukitupa kitu kwa ua wa mkonge. Ulipoingia nikaenda kukitafuta."

Akakigeuza nione ndani. Kalamu ilikuwa imefifia lakini inasomeka: NZILANI. Mwandiko wangu.

"Nilidhani ni changu cha utotoni. Nilisema, kama ametembea na kiatu changu jela miaka tisa, basi alinipenda. Lakini nilikuwa na hasira, sikutaka kukuambia. Mpaka nikaviona vile vijiwe vyako, nikasema, haya, ni kweli, mtu hutupa kilichomfariji akifika kwake." Akashusha pumzi. "Mimi sijawahi kuwa na kiatu chekundu. Nilijilazimisha kukikumbuka, nikakikumbuka kabisa, hata siku mama alipokinunua. Leo ndiyo nimejua sijawahi."

Uongo ulikuja. Sitakuficha, ulikuja wenyewe, mzuri, umenyooka: nilikinunua nilipofunguliwa, nikasahau kwamba umekua. Ulikuwa hapa kwenye ulimi. Angeuamini pengine, maana alikuwa akitaka kuuamini, nilimwona machoni. Alikuwa akiningoja niuseme.

"Ni cha nani?" akauliza.

"Cha Nzilani," nikasema.

"Nzilani ni mimi."

"Kuna mwingine. Mwingi. Binti wa kwanza wa kila nyumba anapewa jina la mama yangu. Unajua desturi."

Nje Kisilu alikuwa akiwaigiza watu yule dada, wakicheka.

"Na yeye ulimwita mwaitu?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo nilipomuumiza. Si mwanamke, si jela. Ni hapo. Alikunja uso kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kujua, na hakulia.

"Kwa nini kimoja?"

"Mkanda ulikatika. Mama yake alinituma nikipeleke kwa fundi."

"Halafu?"

"Fundi alikuwa karibu na stendi ya magari."

Aki, hayo ndiyo maelezo yote niliyokuwa nayo. Miaka tisa niliyopotea hapa, miaka kumi na miwili niliyopotea huko, na ukweli wangu wote ukaenea kwa sentensi moja ya kijinga. Nilitamani anitukane. Nilitamani ninyanyuliwe kwa kola.

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na sita."

"Miaka niliyokuwa nayo ulipokuja kutupa kiatu chake kwangu." Akakifunga kiatu kwa kitambaa, taratibu, akabana pembe kama anavyobana sare ya mteja. "Niandikie wanakokaa."

"Wacha twende pamoja, mwaitu. Nitamwomba msamaha, nitawaomba wote wawili, nitapiga magoti..."

"Andika."

Nikaandika nyuma ya tangazo moja la Idris lililobaki mezani. Jina la soko, kanisa lililo karibu, jina la Mumbua. Aliichukua ile karatasi, akaangalia mwandiko, akaangalia kitambaa alichoshika, akatikisa kichwa. Akaelekea mlangoni.

"Mwaitu!" nikaita. "Mwaitu, usiniache hivi!"

Akasimama, lakini hakugeuka. "Musyimi," akasema. Binti yangu, jina langu, kama anayemwita mwenye duka. "Watu wako wanakungoja."

Na kweli walikuwa wakiingia. Wakampisha apite, wakakaa. Sikumfuata. Ningemfuata na nini? Maneno?

Idris akawasha ile ya kwanza. Filamu ni ile ile, jamani, hakuna aliyeongeza kitu, na ukumbi mzima ukawa ndiyo kwanza unaiona leo. "Angalia tumbo lake! Mtu wa jela ana tumbo hilo?" Tumbo lilikuwepo miaka yote. "Angalia viatu, vimepigwa rangi!" Vilikuwepo. Yule binti wa filamu alipotokea mlangoni na tabasamu lake, bibi wa soda akasema, "Maskini, mtoto wa watu," na hakuna aliyelia kwa furaha kama zamani. Maiki yangu ilikuwa bado imezimwa. Walikuwa wakijisemea wenyewe.

Lango likaja. Ngumi. Kisilu akanigeukia. "Haya Musyimi, sema vijiwe! Sema tucheke!"

Nikawasha maiki.

"Ni kiatu," nikasema.

"Ni njuga, wewe mzee! Tumeziona!"

"Ni kiatu cha mtoto. Mkanda ulikatika, akatumwa akishonewe."

Wakaanza kucheka, halafu wakanitazama, wakaacha mmoja mmoja. Kwenye runinga yule baba alikuwa ameshaingia ndani na mlango umefungwa, na mimi sikuwa naye tena.

"Mtoto amebaki na kimoja," nikasema.