Kamba Isiyotikisika

...si kwamba upepo hakuna, upepo hauwezi kukosekana kabisa, ndivyo Thabit angesema mikutanoni mbele ya wataalamu wenye beji shingoni, umepungua tu, tena kidogo kidogo kwa miaka mingi, kama nywele za huyo anayesema, na nguo zinaning'inia kwenye kamba ya uani kama wageni waliowahi kufika wakakuta mwenye nyumba hayupo, dera mbili, gauni la kijani la Idi, buibui, kitenge chenye samaki wa manjano, zote za marehemu mkewe Wafa, zote zimefuliwa asubuhi, na hakuna pindo hata moja linalotikisika, gilasi ya chai iko mkononi mwake, imepoa, hajui imepoa lini, "Baba, hazijakauka," anasema Najla, binti yake, amesimama ngazini na beseni tupu kiunoni, "na wale wamama wa Buyenzi wanafika nyuma ya alasiri," ndiyo, wale waliomwosha mama yake, maana kwao waliomwosha marehemu ndio wanaopewa nguo zake, ndivyo ilivyofanywa kwa bibi, ndivyo itakavyofanywa kwake yeye siku yake ikifika, na maskini sijui ni mwanamume gani wa Buyenzi atakayerithi lile koti la Kopenhageni lenye kofia ya manyoya, atalivaa mchana wa Bujumbura, atadondoka njiani, waanze kumwosha naye... anacheka, au mdomo unacheka, mwenyewe yuko mbali kidogo, kama mtu anayesikia redio ya jirani. "Nitoe zote, ao kuna moja unataka ibakie?" Toa zote, jibu jepesi, limekaa ulimini tayari, tangu mazikoni ameulizwa mambo mengi na yote kayajibu sawa, pilau au wali mweupe, sawa, hema lifunguliwe leo au kesho, sawa, watu walilia kwenye hema hilo, wanaume wazima, na yeye akazunguka na birika akiwasimulia habari ya kofia yake iliyochukuliwa na upepo kule Denmaki, akaikimbiza gatini mbele ya wazungu mpaka ikaingia majini, akaipungia mkono, watu wakacheka ndani ya kanzu zao huku machozi yakiwatoka, yeye macho makavu, na Najla akamtazama kutoka mlango wa jikoni, mtazamo ule bado hajaujibu, ule nao angeujibu sawa kama ungekubali.

Kitenge chenye samaki kilitoka duka la baba mkwe, Mzee Moosa, Mungu amrehemu, aliyepima vitambaa kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko mpaka kidole, na siku ya posa alimwita Thabit nyuma ya mafurushi akamwuliza, we mwanangu kazi yako nini, napima upepo baba, unapima nini, upepo, mzee akavua miwani, "Mi napima kitambaa, mutu anaondoka nacho kwapani. We unapima upepo, mutu anaondoka na nini?" na Wafa nyuma ya pazia akacheka kwa sauti, akacheka mpaka mama yake akamfinya, na Thabit akajua pale pale kwamba ameshakubaliwa, mwanamke aliyecheka hivyo hawezi kukataa, tangu hapo Thabit amekwenda kikazi Maskati akarudi, Tuluzi akarudi, Dakari, Kopenhageni, mabegi yamechakaa magurudumu, kicheko kile hakukikuta kokote... "Baba, unanisikia?" "Nakusikia, mama." Hamsikii sana, anaziangalia dera. Walipojenga hapa Mutanga Nord ungeona, saa sita mchana upepo wa ziwani ulipanda mteremko kama mtu mwenye miadi, ukaingia kwa dirisha la sebule, ukapekua makaratasi yake yote, ukatokea jikoni, na nguo zikakauka kabla Wafa hajamaliza kuzibana vibanio, kisha wakaja watu, kila mtu na ukuta wake, kila ukuta na mparachichi wake, kisha jirani Sylvère akapandisha etaji, ghorofa nzima, upande wa ziwa, saruji tupu, hata dirisha la choo hakuliacha, na Wafa akaanza, mwaka jana hivi, au kabla, "We mutu wa upepo, upepo yangu imeenda wapi?" na yeye, ee Mola, hakuna swali alilolipenda duniani kama hilo, akavuta karatasi ya kufungia sambusa akamchorea, upepo unaopita karibu na ardhi unakwaruzwa, mke wangu, kila paa linauchubua, kila mti unaula kidogo, ukifika kwako umekonda, na si hapa tu, huko Ulaya na Asia wenye vipimo vya miaka mingi waliona mstari unashuka, unashuka miaka na miaka, halafu kwenye elfu mbili na kumi hivi ukainua kichwa tena, wengine wanasema ni miti na majumba, wengine wanasema ni joto la bahari linavyohama na kuisukuma hewa yote huku na huku, wanagombana mpaka kahawa inapoa, na sisi huku vipimo vyenyewe haba, mtu mwaminifu hawezi kuapa... alisema mtu mwaminifu, akijinyooshea kidole kifuani, na Wafa akacheka, akakaa chini. "Mama mwenyewe ndiye alisema zifuliwe zote," Najla anasema, ameshusha beseni, sauti yake ni ya mtu anayevuka kijito kwa mawe, "alijua, Baba. Muganga alimwambia mbele ya Ramadhani kama ni moyo. Mi akanikataza. Akasema usimwambie baba yako, mwache na upepo yake, akiongea upepo anasahau kuzeeka." "Sawa," anasema Thabit.

Sawa, na mawazo yake yako kwenye vikombe, vile vikombe vidogo vya kupimia vinavyozunguka juu ya mlingoti, kwa sababu hicho ndicho kisa kingine alichompa kwenye karatasi ile ile ya sambusa, kwamba wakati mwingine si upepo, ni chombo, vumbi linaingia kwenye ekseli, mafuta yanakauka, upepo mwepesi unapita na vikombe havijui, si vibovu, vinazunguka, ila mpaka vishtuliwe na upepo mkubwa, vinachelewa kuanza, na ofisini mtu anaona sifuri anaandika sifuri, miaka inapita hivyo, nchi nzima inaambiwa upepo umekufa, siku moja mtu anapanda na kopo la mafuta na tazama, upepo umefufuka, Wafa akauliza, mkono wake kifuani, "Sasa ni upepo imechoka ao ni chombo?" vyote viwili, mama Najla, ndiyo maana kazi haiishi, na alipoomba kitanda kisogezwe dirishani alikisogeza akihema na kutania, alipotaka mto wa pili akaleta, wa tatu akaleta, unataka kulala au kuketi kwenye kiti cha enzi, malkia, akamweleza kwamba upepo wa kutoka milimani wa usiku ni mnyonge kuliko wa ziwani, usitarajie makubwa, na mchana ule Wafa alipotoka uani akasimama ukutani akamwita Sylvère, "Jirani, nirudishie upepo yangu!" na Sylvère akachungulia kutoka juu na kikopo cha rangi mkononi, "Mama Najla, mi nimejenga étage, sikuiba!" na Wafa akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, Thabit akiwa hapa hapa kwenye kiti hiki cha plastiki akafurahi, akasema moyoni tazama, bado anacheka vile vile vya nyuma ya pazia... akashika ukuta kwa mikono miwili. Hakuuachia upesi. Kucheka hakushikishi mtu ukuta kwa mikono miwili... alijua. Najla amesema nini? Amesema alijua. Mbele ya Ramadhani, kabla ya mfungo, na ukuta ulikuwa baada ya Idi, gauni la kijani lilikuwa jipya siku ile, kwa hiyo pale ukutani alijua, na kwenye karatasi ya sambusa, mkono kifuani, hapo alikuwa hajaambiwa, hapo alikuwa anauliza kweli, na yeye akamjibu Asia na Ulaya, lakini baadaye, mito mitatu, dirisha, malkia, hapo alijua na akaendelea kumwuliza, kila jioni, mutu wa upepo niambie, na leo imeshuka tena, akamwacha aseme, akamwekea swali mbele kama mtu anavyomwekea mgeni sahani asiyoila mwenyewe, na yeye akala, miezi yote hiyo akala akashiba, hakuona hata mara moja kwamba mwenzake hali kitu... angekasirika, anatafuta hasira mahali inapokaa kwa kawaida, haipo, anatafuta aibu, ipo lakini nayo imekaa kimya kama zile dera, angempeleka Nairobi, angefanya nini, angepanda mlingoti gani na kopo gani la mafuta, na yeye Wafa alilijua hilo pia, akachagua, badala ya mume anayelia kando ya mito mitatu akachagua mume anayechora, mwanamke ana haki ya kuchagua, baba yake alimwuliza Thabit mutu anaondoka na nini, Wafa aliondoka na hicho, alikibana kwapani akaondoka nacho.

"Baba." Bado amesimama ngazini, beseni miguuni, jibu halijatoka, wamama wa Buyenzi hawajafika, saruji ya Sylvère iko pale pale imeziba ziwa na milima ya Uvira nyuma yake, na kamba haijatikisika, kitenge kimening'inia na samaki wake wote wametazama chini, hicho, hicho kibaki, analijua jibu lakini analiacha kwanza lizunguke ndani, limechelewa kuanza, joto limemtoa jasho usoni, anajipangusa kwa kidole, jasho gani hili la chini ya jicho tu, anakitazama kidole kama kitu alichookota, kimelowa, halafu kwa mazoea tu, mazoea ya kazi, mkono wa mtu aliyefanya hivi gatini na juu ya mapaa ya nchi za watu, anakiinua, anakishikilia hewani mbele ya binti yake, upande wa jikoni hakuna, upande wa njia hakuna, na upande wa ziwa, juu kidogo ya ukuta, kidogo sana, kiasi ambacho hakuna kikombe ambacho kingejua, kidole kimepata baridi.