Somo la Nne Katika Nyumba ya Mbuzi

Nzilani alifika Alhamisi asubuhi kutoka Tala, laptopu kwapani na macho mekundu. Mjukuu wangu huyu ni mwalimu wa sekondari, na juu ya ualimu anasomea shahada ya uzamili katika elimu ya masafa. Aliponieleza mara ya kwanza alisema ni kujua namna ya kufundisha watu ambao hawako darasani. Nikamwambia hiyo si kazi mpya. Baba yake nilimfundisha adabu yeye akiwa ng'ambo ya mto na mimi niko shambani. Fimbo haikufika, lakini sauti ilifika.

Siku hiyo hakuwa na kicheko.

"Susu, bibi yangu, nimekwisha," akasema, akajitupa kwenye kigoda changu.

"Umekwisha na mwili wote huo? Kunywa chai kwanza."

Msimamizi wake wa chuo, mtu mmoja anaitwa Dokta Mutuku, alikuwa amemrudishia sura ya pili ya tasnifu. Nzilani akanifungulia laptopu nione mwenyewe, ingawa bila miwani nilichoona ni mwanga tu. Alikuwa ametengeneza orodha ya vitu vya kuwafaa wanafunzi wenzake wa uzamili: majarida ya kusomwa bure, maktaba za mtandaoni, vyama vya watafiti, mahali pa kuomba ufadhili, hata video za kuonyesha namna ya kuandika tasnifu bila kulia. Vyote arubaini na viwili.

"Vinatoka wapi?" nikamuuliza.

"Kanada. Uingereza. Australia. India. Viwili Afrika Kusini."

"Na huyo daktari wako anataka vya wapi, mbinguni?"

"Anataka cha hapa, Susu. Anasema nimezunguka dunia yote na nyumbani sijapita. Anataka ushahidi mmoja wa zamani wa jinsi watu wa Kenya walivyosoma wakiwa mbali na chuo, na niwe nimeushika kwa mikono yangu. Nimeandikia maktaba mbili. Moja haijajibu, nyingine inasema masanduku yamehamishwa na hayajafunguliwa. Nikikosa kufikia Jumatatu, nangoja mwaka mzima."

Mwaka mmoja alikuwa ameshaupoteza akizaa mapacha. Wa pili, nilijua, ungemvunja. Angeiweka hiyo laptopu juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma.

"Kusoma mbali na chuo," nikasema polepole, "ni kama yale masomo babu yako alikuwa akiletewa na posta?"

Chai ikamwagika.

"Masomo gani?"

Basi nikamweleza. Marehemu mume wangu, Mwalimu Ndolo, alianza kufundisha bila cheti. Kati ya mwaka sabini na nne na sabini na sita alisomea cheti hapa hapa nyumbani. Vijitabu vilikuja kwa posta, redio ikasomesha jioni, yeye akajibu maswali kwenye karatasi na kuzituma, na mwalimu asiyemjua sura akasahihisha kwa wino mwekundu na kuzirudisha.

"Susu! Miaka miwili nasoma habari hizi na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza Kanada."

"Ziko wapi hizo karatasi?"

Hapo nikaanza kukusanya vikombe, kwa sababu nilijua zilipo na nilijua wanaokaa nazo.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya udongo, na baridi ya Julai hapa Machakos unaijua. Upepo ulipita kwenye nyufa ukatukuta kitandani. Ndolo alipopata cheti nilichukua karatasi zake zote nikazibandika ukutani kwa uji wa mahindi, safu kwa safu, mpaka upepo ukasalimu amri. Baadaye tulijenga ya mawe, na ile ya udongo nikawapa mbuzi. Siku hizi mtaa wetu wa Mumbuni umejaa maghorofa ya wapangaji pande zote, na katikati ya maghorofa hayo kuna mbuzi wangu sita wanaolala ndani ya masomo ya ualimu.

Nzilani aliingia na viatu vyake vya ofisi. Mwenyekiti, yule beberu mkubwa, alimkaribisha kwa pembe. Nikamvuta Mwenyekiti kwa ndevu.

"Zinaanzia juu tu," Nzilani akasema, akimulika kwa simu. "Huku chini hakuna kitu."

"Huko chini wamekula. Mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma anafika pale. Lakini hawakupenda wino mwekundu, waliuachaacha."

Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo, halafu akaanza kusoma. Somo la pili lilikuwepo, la tatu nusu, la nne lote, na mengine mengi mpaka la kumi na tisa karibu na dari. Alipiga picha moja moja mpaka adhuhuri, akisoma maneno ya mwalimu wa mbali kwa sauti: "'Bwana Ndolo, kazi hii ni ya haraka. Rudia.' 'Bwana Ndolo, uvivu.' Susu, babu alikuwa mvivu?"

"Alikuwa na watoto sitini darasani."

"'Somo la nne. Bwana Ndolo, nimefurahi sana. Mwandiko na fikira zimebadilika kabisa. Endelea hivyo hivyo.' Jamani, babu!"

Mimi nikaangalia mbuzi.

Alizituma picha mchana. Saa kumi laptopu ikalia, na Dokta Mutuku akatokea kwenye kioo, mwanamume mwenye upara na sauti ya kanisani. Nzilani akanivuta karibu nisalimie, akamtajia jina langu, Wayua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unaliza watoto wa watu?"

Akacheka, lakini akarudi kwenye kazi upesi. "Nzilani, umepata dhahabu. Lakini kuna tatizo. Somo la pili na la tatu yana mwandiko mmoja, na kuanzia la nne ni mwandiko mwingine. Na majibu yenyewe ni ya mtu mwingine. Katika elimu hii yetu swali kubwa ni hilo: nani amekaa upande ule mwingine? Kama hatujui aliyeandika, siwezi kupitisha."

Nzilani akanigeukia. "Susu, babu alibadilisha mwandiko?"

"Alivunjika mkono," nikasema.

"Pole sana," akasema Dokta. "Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Kwa miaka miwili?"

"Alikuwa mtu mzito. Mifupa mizito haina haraka."

"Na ulipovunjika ndipo mwandiko ukawa mzuri?"

Nikaona huyu mtu hakupewa udaktari bure. Kando yangu Nzilani alikuwa ameanza kushusha kifuniko cha laptopu, polepole, kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua. Picha ya Ndolo ilikuwa ukutani na tai yake. Mtaa mzima humwita Mwalimu mpaka leo, miaka kumi na moja kaburini, na watu wazima waliofundishwa naye bado hukunja mikono nyuma wakipita kwenye lango letu. Nilimtazama yeye, nikamtazama mtoto. Ndolo nisamehe, nikasema moyoni, wewe huna tarehe ya mwisho.

"Acha hicho kitu wazi," nikamwambia Nzilani. "Niliandika mimi."

Nzilani akainua tena kile kifuniko. Hata wapangaji wa ghorofa jirani walizima muziki, au labda ilikuwa bahati.

"Mimi nilitolewa shule darasa la saba nikaolewa," nikasema. "Ndolo akirudi jioni amekauka kwa uchovu. Redio ikianza kufundisha, yeye anaanza kukoroma. Mimi niko pale nachambua mbaazi, masikio hayana kazi, nikawa nasikiliza. Kwanza nilikuwa namweleza tu asubuhi nikikamua mbuzi. Halafu nikamwandikia apate kunakili. Halafu akaona kunakili ni kazi. Lakini mtihani wa mwisho alikwenda akaufanya mwenyewe, na akapita! Cheti ni chake. Nilimfundisha kila asubuhi mpaka akajua."

"Kwa hiyo babu alisoma kwa masafa," Nzilani akasema, mkono mdomoni, "na mwalimu alikuwa kitandani kwake."

"Chunga mdomo wako, mtoto."

Dokta Mutuku alikuwa ameinama akitafuta kitu. "Mama Wayua, kwenye somo la tisa kuna shamba la mahindi, miche mia mbili na arubaini. Wadudu wamekula asilimia kumi na tano. Ilibaki mingapi?"

"Mia mbili na nne," nikasema. "Kama mbuzi hawakufika."

Yule mtu alicheka mpaka upara wake ukatoka kwenye kioo, tukabaki tukiona kiti. Aliporudi alikuwa akifuta macho.

"Nzilani, sikiliza. Kwenye vitu vyako vyote arubaini na viwili, kuna kimoja kinachomtaja mtu aliyekaa kando ya redio akichambua mbaazi?"

"Hakuna, Dokta."

"Basi hiyo ndiyo sura yako ya pili. Nimeipokea. Mhoji vizuri, umwandike kwenye orodha kwa jina lake, na wanafunzi wengine wakitaka waje kuona ukuta kwa ruhusa yake. Lakini kwanza atie sahihi fomu ya ridhaa."

Nzilani alipiga kigelegele. Wapangaji wakatoka kwenye roshani ghorofa baada ya ghorofa, wakauliza ni harusi ya nani. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alijibu kigelegele kabla hajaambiwa sababu.

Fomu ilisomwa kwangu taratibu, maana sipendi kutia mkono kwenye kitu kisichosomwa. Ilisema nashiriki kwa hiari yangu. Ikasema naweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na nisidhurike kwa lolote.

"Rudia hapo," nikamwambia Nzilani. Akarudia.

"Sasa karatasi kama hii walikuwa wakiificha wapi siku ya harusi yangu?"

Dokta akatoweka tena kwenye kioo.

Nikawapa sharti moja. Isiandikwe kwamba Mwalimu Ndolo alikuwa akilala masomoni. Iandikwe kwamba alikuwa akisikiliza macho yamefungwa. Dokta akasema atalifikiria. Nzilani akasema ataandika "alikuwa amechoka," na hapo tukakubaliana, maana kuchoka alichoka kweli, na watoto wale sitini wengi wao leo ni watu.

Nikavaa miwani nikatafuta mstari. Masomo kumi na sita nilikuwa nimeandika juu yake Ndolo, Ndolo, Ndolo, kwa mkono wangu mzuri. Kalamu ilitaka kuanza na N. Nikaishika ikatulia, nikaandika Wayua, herufi kubwa kubwa, zikapita mstari mpaka pembeni ya karatasi.

"Susu, umemaliza nafasi ya tarehe," Nzilani akasema.

"Tarehe utaiandika nyuma. Haya, niulize hilo swali lako la kwanza, na uulize kwa adabu, mimi ni chanzo cha utafiti."