Tembo Asiyeondoka

Mjalidi, fundi wa kushona vitabu, hakuwa na kawaida ya kurudishiwa kazi. Mdogo wake wa kiume alimletea mashine ya mchezo waliyojifunzia kuhesabu utotoni, ya plastiki nyekundu, inayofunguka kama sanduku, pamoja na kitabu chake cha mwisho kilichosalia, kikiwa hoi. Alikishona upya na kujazia kila ukingo uliotafunwa na panya. Sasa kilikaa sawasawa kama askari wa gwaride.

Walikiweka kitabu ndani ya mashine, wakaiunganisha na televisheni. Kwenye kioo akatokea tembo wa ukurasa wa kwanza. Kipini, binti wa mdogo wake, akafunua ukurasa wa soko. Tembo. Akafunua wa bustani. Tembo yuleyule.

"Shangazi, huyu hana kwao?"

"Imezeeka hiyo, dada," mdogo wake alisema. "Kesho naipeleka kwa wauza vyuma chakavu."

"Kabla sijakishika kitabu, ilikuwa inafanya kazi?"

Akajikuna kichwa. "Ilikuwa inafanya."

"Basi haijazeeka. Nimeiua mimi."

Aliiinamia. Pembeni mwa kilalio cha kitabu palikuwa na safu ya vijicho vyeusi. Alifunua kurasa polepole. Vyote vilibaki gizani, vimefunikwa na kingo alizozijazia. Hapo akaelewa. Yale mapengo hayakuwa ya panya. Kila ukurasa ulikatwa zaidi kidogo kuliko ulio juu yake, ili kila ukifunuliwa, kijicho kimoja zaidi kipate mwanga na mashine ijue mtoto amefika wapi. Hakuna waya wala sumaku katika karatasi, ni ukingo tu na mwanga wa chumba. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona kitabu kilichowazwa vizuri namna hiyo.

"Aliyebuni hii alikuwa na akili ya ajabu," alisema.

"Nani, panya?"

"Kacheke nje. Niletee wembe."

"Unaikata kazi yako, dada? Ilivyopendeza hivyo?"

Alishika wembe. Karatasi yake ilikuwa nyeupe kuliko ya zamani, kwa hiyo kiungo kilionekana. Aliufuata mstari huo, ukurasa baada ya ukurasa, bila kugusa karatasi ya zamani.

Kipini akafunua. Soko likajaa kwenye kioo. Akagusa chungwa kwa kalamu ya mashine, na sauti nyembamba ikasema, "Moja."

"Umeona, dada! Mimi nili..."

"Baba, nyamaza," Kipini alisema, kalamu ikiwa juu ya chungwa la pili. "Tunahesabu."