Herufi Mbili Chini Kushoto

Nimetafsiri Kijapani miaka kumi na mbili, na sijapata mteja wa kuniogopesha kama shangazi yangu.

Alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na minne alichapa barua za wakubwa, akiwanyooshea hata mawazo, na sahihi ikawa yao. Yeye aliachiwa herufi mbili ndogo za jina lake chini kushoto, desturi ya wapiga chapa, ili likionekana kosa ajulikane wa kufokewa.

Kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia, kaka yangu, fundi kompyuta, alizipanga upya herufi za kibodi ili mkono wa kushoto utoshe. Mpangilio huo akauita Shangazi. Sasa kiwanda kimoja cha Japani kinataka kutengeneza kibodi za mpangilio huo, na mwongozo nimepewa mimi niutafsiri.

"Nimekuandika Oba," nikamwambia.

"Oba ndiyo nini?"

"Shangazi, kwa Kijapani. Ila hata mama mdogo ni oba."

"Na mke wa mjomba?"

"Naye pia."

"Huo ukoo au gunia? Niandike ninavyoitwa!"

Basi nikaliandika linavyosikika, kwa herufi za Kijapani, ambazo hazina "zi": Shangaji. Hiyo "ji" akawasamehe Wajapani, na siku nzima akatembea kifua mbele.

Kesho yake kiwanda kikajibu, kwa adabu zote: wanunuzi hawatalielewa jina hilo. Iandikwe "mpangilio wa mkono wa kushoto", na nakala safi ifike saa kumi.

Nilimweleza nikitazama sakafu. Iliniuma sana. Maisha yake yote, safari hii tu ndiyo aliyotaka jina lake lisomwe.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Toka kitini. Ukurasa wa mwisho nachapa mimi."

Nikamtajia silabi, akazichapa kwa mkono mmoja, kompyuta ikazigeuza kuwa Kijapani. Zaidi ya oba hajui neno la lugha hiyo, na hakukosea hata mara moja. Nikatuma bila kuangalia tena.

Jibu halikuchelewa: "Mwishoni, chini kushoto, pana herufi mbili ndogo. Ni kosa? Tufute?"

"Shangazi!"

"Abee?" akaitika kutoka jikoni, mpole kupita kiasi.

Nikawaandikia: si kosa, ni jina la mwenye mpangilio, msifute.

Sanduku la kwanza la kibodi lilipofika, alivaa miwani, akafungua mwongozo nyuma kabisa, akapitisha kidole pale chini.

"Wino hafifu," akalalamika.

Kisha akalichukua sanduku zima, akaenda kulala nalo chumbani.